Katoni Zilizoota Kitambi

Katoni ilikuwa na kilo tatu. Bili ilisema kumi na saba.

Mwanamke aliyeketi mbele ya bili hiyo aliisoma mara tatu, akaisogeza dirishani akaisoma tena, kana kwamba mwanga wa jua ungeipunguza. Nyumbani na kazini walimwita Kwanini. Hakuna aliyekumbuka vizuri nani alianza kumwita hivyo, ila sababu kila mtu aliijua. Tangu anajifunza kutembea alikuwa mtu wa kuuliza, na kuuliza tena, hadi anayeulizwa akumbuke ghafla kwamba ana shughuli jikoni. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, mtu mzima mwenye miwani na funguo za kabati la ofisi, na ugonjwa ule ulikuwa bado haujapata dawa.

Familia yao ilitengeneza kofia za taa, zile za kitambaa na waya zinazovalishwa taa za mezani, na kuziuza kwa maduka ya nchi za mbali. Kwanini alikuwa mkataji wa vitambaa. Kazi ya kusafirisha mizigo ilikuwa ya wifi yake, mke wa kaka, mpaka wifi alipopata kazi ya kufundisha na kumwachia meza, faili nane na wosia mfupi: "Bili zikija, lipa. Usijiumize kichwa." Kumwambia Kwanini asijiumize kichwa ni sawa na kumwambia mbuzi asiguse majani. Wiki ya pili tu akawa keshabeba mizani ya jikoni kwake hadi kazini.

Akachukua bili, akavuka ukumbi wa washonaji hadi kwa kaka yake.

"Kaka, katoni moja ina kilo tatu. Nimeipima mwenyewe mara mbili. Kwa nini tunatozwa kilo kumi na saba?"

"Ndio wizi wenyewe huo," kaka akajibu, macho kwenye simu. Kaka hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie, ila ile simu ilikuwa imemshika kuliko mke. "Watu wa ndege wanatunyonya. Tunauza mpaka tunachoka, faida yote inaishia njiani. Ndiyo maana nimeshakata shauri."

"Shauri gani tena?"

"Kuna wakala mmoja. Anachukua kofia hivi hivi zilivyo, anafunga mwenyewe, anasafirisha mwenyewe, bei moja. Mwisho wa mwezi natia saini. Chumba cha kufungia mizigo tunakifunga. Baba naye akapumzike nyumbani, ameshachoka."

Chumba cha kufungia mizigo kilikuwa cha baba yao. Alikuwa akifunga katoni humo tangu biashara ilipokuwa ya mashine moja ya kushonea, na tangu mama yao afariki kilikuwa ndicho kinachomtoa kitandani. Asubuhi alifika kabla ya mwenye funguo. Jumapili ilimshinda kabisa. Alizunguka uani, akafagia palipofagiwa, akauliza saa. Ukimwondoa mzee yule kwenye meza ile, Kwanini aliwaza, utakuwa umemwondoa wapi na kumpeleka wapi?

"Baba anajua?"

"Nilimwambia juzi. Kasema sawa."

"Kasema sawa, basi?"

"Alisema, 'Sawa, mwanangu.' Ndivyo alivyosema. Na wewe usiende kumchokonoa."

Jibu hilo lilimshangaza Kwanini kuliko zile kilo. Baba aliyemjua yeye aligombana wiki nzima walipobadilisha rangi ya mlango. Lakini kaka alikuwa mkubwa, na alikuwa ameshaanza kupiga simu nyingine. Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki.

Mchana huo alizitoa bili za miaka miwili, akazitandika sakafuni mwa ofisi kwa mpangilio wa tarehe, akavua viatu asizikanyage. Hazikuwa zimepanda kama alivyotegemea, kwa kuruka. Zilikuwa zimepanda ngazi. Mwanzoni katoni moja ilitozwa kilo kumi na tatu. Baada ya miezi kadhaa, kumi na nne. Zikaja kumi na tano, kumi na sita, na sasa kumi na saba. Bei ya kilo moja haikuwa imebadilika hata senti. Kofia zilikuwa zile zile, nne katika kila katoni, kiwanda cha katoni ni kile kile, na duka linalopelekewa ni lile lile.

Akakuna kichwa. Mwizi gani huyu mwenye subira hivi, anayeiba kilo moja, anangoja miezi mitano, ndipo aibe nyingine?

Kesho yake alipanda gari la mzigo pamoja na dereva hadi ghala la mizigo ya ndege. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njiani alipanga maneno makali na mengine makali zaidi ya akiba. Alimkuta karani mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa akinywa chai na kuonekana amefurahi kupata mtu wa kumweleza kazi yake.

"Bibie, hatukutozi uzito," karani akasema. "Tunakutoza nafasi. Ndege haibebi vyuma tu. Ukiijaza mito ya kulalia, itajaa na bado ni nyepesi, sasa nani alipe mafuta? Kwa hiyo tunapima urefu, upana na kimo, tunazidisha, tunagawa kwa elfu tano. Kinachotoka ndicho kilo zako, kama kinazidi za mizani."

"Katoni zetu ni sentimita arobaini kila upande."

"Haya, piga hesabu."

Kwanini akapiga kwenye simu. Ikatoka kumi na mbili na pointi nane. "Kumi na tatu," akasema polepole. Ngazi ya kwanza.

"Sasa njoo uone."

Karani aliweka katoni yao kwenye meza ya chuma. Mistari ya mwanga mwekundu ikaipitia kutoka juu na ubavuni, na kwenye kioo kidogo zikatokea namba: arobaini na nne, arobaini na nne, arobaini na nne.

"Mashine yenu mbovu," Kwanini akasema, ingawa moyoni alishaanza kuona raha ile ya mtu aliyekaribia kujua.

Karani hakukasirika. Alichukua rula ndefu ya mbao akailaza juu ya katoni. Rula ikayumba kama pembea, mara huku mara kule. "Mashine inapima pale palipotuna zaidi," akasema. "Katoni yako, bibie, imeota kitambi."

Kitambi! Njia nzima ya kurudi Kwanini alilirudia neno hilo huku dereva akimtazama kwa jicho la pembeni. Kila sentimita ya kitambi ilikuwa kilo moja ya bili. Alijua sasa kilo zilikotoka. Asichojua ni kwa nini katoni zilizokuwa nyembamba miaka miwili iliyopita zimenenepa kidogo kidogo, wakati zimebeba kitu kile kile. Na anayejaza katoni alikuwa mtu mmoja tu.

Alikwenda chumba cha kufungia mizigo akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kimya. Baba alikuwa kazini, mgongo wake umeelekea mlangoni. Wafanyakazi walimwita Mzee wa Katoni, naye alilipenda jina hilo. Alipanga kofia nne, moja ndani ya mwenzake, akazishusha katikati ya katoni kwa mikono miwili kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akaanza kukunja karatasi, kuzifinyanga madonge na kuzisokomeza pembeni.

Baba alikuwa na njia yake, na wote waliokulia pale waliijua. Aliamini katoni inasema. Ukiigonga kwa vidole ikasema "ko", ina uwazi ndani, na waya utapinda kabla haijafika. Ikisema "du", imeshiba, ifunge. Kwa njia hiyo alikuwa amesafirisha maelfu ya kofia, na zilizorudi zimepinda zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuna aliyewahi kumpa rula wala kumwambia idadi ya madonge. Alikuwa na vidole vyake na sikio lake.

Akagonga. Kwanini, kule mlangoni, akasikia "ko". Baba akatia madonge matatu, akafunga vifuniko vya juu kwa kiganja, akainamisha kichwa, akagonga. "Du," ikasema katoni, wazi kabisa.

Baba akatikisa kichwa, akaongeza donge.

Akagonga. "Du."

Akaongeza jingine, akilisukuma kwa kidole gumba. Akagonga tena, sikio safari hii limegusa katoni. Akaongeza. Kwanini alihesabu madonge sita baada ya yale matatu yaliyotosha. Mbavu za katoni zilikuwa zimetuna. Ndipo baba akaridhika, akavuta utepe wa gundi akaifunga katoni kwa nguvu, akinung'unika peke yake, "Karatasi za siku hizi! Laini kama pamba. Hazijazi kitu."

Kwanini akabaki ameshika tama. Karatasi zilikuwa za kampuni ile ile. Risiti zake alikuwa ameziona jana katikati ya zile bili.

"Baba," akaita.

Baba akachukua katoni nyingine.

"Baba!"

Kwenye rafu kando yake palikuwa na mkasi mkubwa wa chuma. Aliunyanyua, akauachia uanguke sakafuni. Mlio wake ulimfanya mshonaji wa chumba cha pili aulize kulikoni. Baba aliendelea kukunja karatasi, mabega yametulia, bila hata kugeuka.

Kwanini aliogopa. Halafu akaona aibu, na aibu ile iliuma kuliko woga, kwa sababu ghafla mambo mengi yalijipanga mstari. Baba siku hizi hakai sebuleni watu wakizungumza, anasema amechoka. Baba hapokei simu, anasema inamsumbua. Baba amekuwa mpole, kila kitu sawa, sawa mwanangu. Walikuwa wamemsifu kwa upole huo! Walisema uzee umemtuliza. Miaka miwili watoto wake wawili walikula naye meza moja wasijue, na bili ya mizigo ilikuwa ikiandika jambo lenyewe kila mwezi, sentimita kwa sentimita.

Alizunguka meza akasimama mbele yake. Baba akainua uso, akatabasamu, macho yakashuka moja kwa moja kwenye midomo yake.

"Umekuja kunisaidia au kuniuliza?" akasema.

"Baba, husikii."

Tabasamu likabaki pale pale kidogo, halafu likaondoka. Akaweka karatasi chini. Kwanini alidhani atakana, na mwanzoni alikana kweli: akasema mashine za kushonea zina kelele, watu wa sasa hawafungui midomo, na yeye kwa umri wake anasikia kuliko wengi. Kisha akaacha kujitetea.

"Ukiwa mbele yangu nakupata," akasema. "Ukigeuka, umekwenda."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia ili iweje? Mzee asiyesikia anapewa kiti na redio." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la karatasi. "Na redio yenyewe haisikii."

Kwanini alicheka pia. Kisha akamweleza habari ya kitambi. Angeweza kuificha, na mwenye roho nyepesi angeificha. Lakini aliona mzee ameshafichwa mambo ya kutosha. Alimweleza polepole, uso kwa uso, akimwonyesha kwa futi ya ushonaji: arobaini ilipaswa kuwa, arobaini na nne ndivyo ilivyo, na kila sentimita ni kilo moja kwa kila katoni.

Baba aliichukua futi akapima mwenyewe. Akapima katoni ya pili, ya tatu, ya tisa. Alipoinuka alionekana amepungua.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naila biashara."

"Ni karatasi, Baba."

"Karatasi haijikunji yenyewe." Akakaa kwenye kigoda, viganja magotini. Halafu, na hapa ndipo ilipoonekana binti alikoupata udadisi wake, akainua kichwa. "Hiyo rula ya karani ilikuwa ya namna gani?"

Alitafuta ubao mmoja mwembamba ulionyooka. Akaifungua katoni ya karibu, akatoa donge moja, akafunga vifuniko, akalaza ubao. Ukayumba. Akatoa jingine. Bado. Katika donge la sita ubao ulilala tuli. Akainyanyua katoni akaitikisa taratibu, macho amefumba, mikono ikisikiliza badala ya sikio: kama kofia zinacheza ndani, viganja vitajua. Hazikucheza. Akaitikisa tena kwa nguvu zaidi, akageuza juu chini.

"Pima," akamwambia.

Kwanini akapima. "Arobaini."

"Pima na huku."

"Arobaini, Baba. Kote."

Walikuwa kwenye katoni ya nane, madonge yaliyotolewa yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, kaka alipochungulia mlangoni. Mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine karatasi zilizobanwa pini.

"Baba, yule wakala kapitia leo, yuko ofisini," akasema huku kidole kikiendelea kusukuma kioo cha simu. "Nimeona tumalize mapema tu, kwa kuwa tulishaelewana."

Baba alikuwa amemwona, maana alikuwa ameelekea mlangoni. "Nitazame," akasema.

"Eh?"

"Nitazame mimi, uiache simu. Halafu sema kwa sauti. Sikio la kulia lina uhai kidogo, la kushoto limeshajifia."

Kaka akamgeukia dada yake, akitafuta mtu wa kumwambia ni utani. Kwanini alisimama na futi yake shingoni, asimsaidie.

"Juzi ulinieleza jambo," baba akaendelea. "Nikakuitikia sawa. Sikupata hata neno moja. Uso wako ulikuwa kwenye simu, na mimi nikaona aibu kukurudisha. Sasa rudia."

Kaka alisema kitu kwa sauti ya chini. Baba akatikisa kichwa. Akasema tena, juu kidogo. Baba akatega kiganja sikioni, akangoja. Kwenye ukumbi mashine za kushonea zilianza kunyamaza moja baada ya nyingine, maana washonaji nao ni binadamu. Ni rahisi kumwambia jambo mtu anayeitikia tu. Kumpigia kelele baba yako usoni, neno kwa neno, ni kazi nyingine, na kaka alikuwa akiiona sasa kwa mara ya kwanza. Uso ulimtoka jasho.

"Nilisema nataka kukifunga chumba hiki, Baba!" sauti ikamtoka imekatika katikati. "Nikakwambia ukae nyumbani!"

Baba alimtazama mwanawe kwa makini, bila hasira, kama anayehakikisha amelipata neno la mwisho.

"Hapana," akasema. "Hilo nisingekubali."

Kwanini akamnyooshea kaka karatasi yenye vipimo: kilo kumi na saba za jana upande mmoja, kumi na tatu za leo upande wa pili, na hesabu ya mwaka mzima chini. Kaka aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameegemea mlango. Akalitazama lile lundo la madonge sakafuni, akamtazama baba yake aliyekuwa anangoja.

"Mwambie wakala aende," akamwambia Kwanini. "Mwambie hatuna cha kufungiwa."

"Namwambia nini akiuliza sababu?"

"Mdogo wangu, leo tu, usiulize."

Kwanini akacheka, lakini hakuondoka bado. Kaka aliizima simu, akaitia mfukoni, akamketisha baba, akavuta kigoda kingine akaketi upande wake wa kulia, karibu hadi magoti yakagusana.

"Baba," akasema kwa sauti kubwa, kila neno peke yake. "Hatukukuuliza. Nakuuliza sasa. Unataka nini?"

Baba alikuwa na madai mengi, na mengine aliyadai kweli wiki iliyofuata: daktari wa masikio, mlango urudishiwe rangi yake. Lakini hilo la kwanza lilionekana kumpa tabu kulitamka. Aliuzungusha ubao magotini, akautazama mlango, akaona haya.

"Yule mwanao mdogo," akasema. "Aliyezaliwa mwaka jana, mjukuu wangu. Mimi namwita Babu, nanyi mnacheka mnaona nampenda, na kweli nampenda. Ila siku mliyomtaja jina nyumba ilikuwa imejaa watu, wote mnaongea. Niliitikia tu." Akamsogezea mwanawe sikio la kulia. "Anaitwa nani?"

Kaka akainama na kulitamka. Baba akalirudia kwa sauti, akauliza kama ndivyo, akalirudia tena.